Safu ya Tatu

Chuo chetu kiko ghorofa ya pili, juu ya duka la mabati,
Nyawera, pale barabara inapojikunja kama mtu mwenye kikohozi.
Jenereta ikizimika, nafundisha gizani:
mali huku, madeni kule, na katikati mstari
ulionyooka kuliko kitu chochote Bukavu.

Nakiri: kitabu kilikuja ndani ya sanduku, kutoka mbali.
Mfano wa kwanza ni kiwanda cha baiskeli
katika nchi tambarare isiyojua tope.
Wanafunzi wangu walinakili baiskeli elfu moja na mia mbili,
wakafunga madaftari,
wakapanda mlima kwa miguu.

Alhamisi moja, darasa la jioni, akaingia Mama Cibalonza,
muuza sambaza wa Kadutu.
Alilipa ada kwa noti zenye harufu ya samaki.
Karani akazihesabu mara mbili, akafungua dirisha.

Nilimwomba alete hesabu zake.
Akaleta mlango.
Mlango mzima wa ghala, bawaba bado zinaning'inia,
umebebwa na Namwezi, mbeba mizigo,
kamba imemkaza paji la uso,
ngazi hamsini na mbili, bila kupumzika.

Miaka kumi na mitatu kwa makaa:
msalaba, aliyelipa;
duara, anayeahidi;
duara lenye mkia, aliyehama usiku.
Kulikuwa na mikia mingi mwaka ule wa vita.

"Tuyahamishie kwenye karatasi," nikasema.
Akashika kalamu anavyoshika samaki,
akaandika, akaandika, kisha akasimama.

"Mwalimu, kutoka ziwani hadi sokoni kuna barieri tatu,
kila moja na kamba yake na kijana wake.
Nianike wapi pesa hizo?
Si kodi, kodi ina risiti.
Si zawadi, sikutoa kwa moyo.
Wizi? Lakini tunaamkiana kila asubuhi,
na huniuliza kama mtoto amepona malaria."

Nilipekua faharasa, herufi B.
Nikakuta benki. Nikakuta baiskeli.

Haba na haba hujaza kibaba, tuliimbishwa tukiwa wadogo.
Hakuna aliyeuliza
kama kibaba kina tundu.

Ndipo Namwezi, ambaye alibaki mlangoni
akingoja malipo yake ya kuurudisha ule mlango,
akasema, bila kutuangalia:
"Mimi nikipata unga naugawa mara tatu.
Wa kula. Wa kuuza. Wa kumwagika.
Ule wa kumwagika ndio naupima kwanza."

Nilifuta ubao kwa mkono wa shati.
Nikachora safu ya tatu.
Yule kijana wa simu akaanza: umeme, siku kumi na moja.
Fundi cherehani: mjomba hospitalini, dola arobaini.
Mvua. Daraja. Mteja mwenye bunduki.
Chaki ikaisha, wakaendelea kwa mdomo.
Sijawahi kusikia darasa likihesabu kwa hasira
na kupata jumla sahihi.

Mkurugenzi aliuliza jambo hili liko ukurasa gani.
Benki iliirudisha faili ya Mama Cibalonza:
safu hiyo haipo kwenye fomu yetu.
Alicheka, akaenda kukopa kwa wenzake wa likelemba,
akanunua friji kuukuu, na sasa anabishana na umeme.
Faida? Miezi miwili ndiyo, mmoja hapana.
Tunaandika yote.

Jumatatu bado nafundisha baiskeli, kwa sababu ya mtihani.

Na Namwezi hayumo kwenye orodha yangu.
Nimepiga hesabu: ada ya muhula mmoja
ni mizigo mia nne na ishirini, kama hatakula.
Nimempelekea mkurugenzi barua. Hajajibu.
Alhamisi hupita, husimama kizingitini,
gunia la makaa bado mgongoni,
na ninapokosea kujumlisha
hukohoa.